Barua kwa rafiki kuhusu haki ya kusaidiwa kufa

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa wote wa nyumbani. Barua yako niliipata, nami nitalijibu swali lako bila kulizunguka: je, mgonjwa aliyeelemewa na mateso ana haki ya kumwomba daktari amsaidie kufa?

Kwa kuwa unaishi Kanada, nianzie huko. Mwaka 1993 Mahakama ya Juu ilimkatalia ombi hilo Sue Rodriguez, aliyeugua maradhi ya neva yaliyokuwa yakiidhoofisha misuli yake, kwa kura za majaji 5 dhidi ya 4. Mwaka 2015, katika kesi ya Carter, mahakama hiyohiyo iliamua kinyume chake kwa kauli moja. Majaji walieleza kwamba katazo lenyewe lilifupisha maisha, kwa sababu wagonjwa waliojua kwamba viungo vyao vitalegea walijikuta wakijiua mapema, wangali na nguvu, kwa kuhofia siku ambayo hawataweza tena. Hoja hiyo siwezi kuipinga. Ndiyo maana sheria ya mwaka 2016, iliyowahusu wale ambao kifo chao kilitarajiwa, naikubali, ijapokuwa nimelelewa nikiamini kwamba uhai ni amana ya Mungu.

Kinachoninyima amani ni marekebisho ya mwaka 2021, yaliyoondoa sharti hilo la kifo kutarajiwa. Sasa mtu mwenye ulemavu, ambaye angeweza kuishi miaka mingi, anaruhusiwa kuomba. Sheria inataka tathmini isiyopungua siku 90, na inataka aelezwe njia za kumpunguzia mateso, zikiwamo tiba shufaa, yaani matunzo ya kumtuliza mgonjwa maumivu, na huduma za walemavu, na kupewa nafasi ya kuonana na wanaozitoa. Lakini haitaki kwamba huduma zenyewe azipate! Basi mtu asiye na wa kumwogesha, wala nyumba ambayo kiti chake cha magurudumu kinapita mlangoni, akitamka kwamba amechoka kuwa mzigo, sahihi ni yake, ila waliomfungia njia nyingine zote ni sisi wazima.

Kuhusu wenye maradhi ya akili pekee, Bunge liliahirisha ruhusa yao hadi Machi 2027, na naona lilifanya vyema. Wewe unayewauguza wagonjwa hawa, niandikie wanavyolizungumza jambo hili wao wenyewe.

Wako katika urafiki.