Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Mwaka wa Siti, Maji na Usingizi

Ndugu mlezi wa chama, ndugu wanakamati, kaka na dada zangu wanachama,

Katiba ya chama chetu cha waendesha pikipiki inamtaka mwenyekiti aeleze kazi za mwaka kabla mhazini hajasimama na vitabu vyake. Taarifa za miaka iliyopita zilijaa habari za taa za ziada, vyuma vya kukinga injini na fulana za chama. Mwaka huu kamati iliona vyuma vyetu vimetosha. Kinachochelewesha misafara yetu, na kinachotutisha zaidi, ni viuno, mabega, makalio na macho mazito ya wenye pikipiki. Fedha na muda mwingi wa kamati vimekwenda huko, na sehemu kubwa ya taarifa hii itakwenda huko pia.

Safari kuu ilikuwa ya Dar es Salaam hadi Mbeya, kilomita kama 830, kwa siku mbili, tukilala Iringa. Barabara hiyo ni mtihani mzuri wa mwili kuliko nyingine yoyote tunayopita. Unatoka kwenye unyevu wa pwani na foleni ya Kimara, unapambana na malori hadi Chalinze, unapita Mikumi kwa mwendo wa kutambaa kwa ajili ya wanyama, kisha unashuka Bonde la Mibuyu na Ruaha Mbuyuni ambako joto linakupiga usoni. Saa moja baadaye umepanda Kitonga na unatafuta koti. Kesho yake, Mafinga na Makambako zinakukumbusha kwamba koti lenyewe halitoshi.

Nianze na siti, maana ndiyo iliyoleta malalamiko mengi kwenye kikao cha tathmini.

Wengi wetu tumekuwa tukiamini kwamba siti laini ndiyo siti nzuri. Fundi anakuwekea sponji ya godoro, unaikalia dukani dakika tano, unatabasamu, unalipa. Ukifika Morogoro sponji imeshalala na umekalia bati. Uzito wa mtu aliyekaa unabebwa na ncha mbili za mfupa wa nyonga zilizo chini ya makalio. Sponji laini ikididimia, ncha hizo zinagota chini, damu inabanwa, na hapo ndipo moto unapoanza. Siti inayofaa safari ndefu ni ngumu kidogo kuliko unavyopenda, pana nyuma, na haiinamii mbele. Ikiinama mbele unateleza kwenye tanki kila ukifunga breki, na sehemu laini za katikati ya mapaja ndizo zinazobeba mzigo. Akina kaka waliolalamika kwa sauti ya chini kuhusu ganzi sehemu hizo, jibu lenu ni hilo: rekebisheni mwinuko wa siti, msogee nyuma, msimame kwenye vikanyagio mara kwa mara. Ganzi ikiendelea hata baada ya kupumzika siku mbili tatu, nendeni kwa daktari, si kwa muuza mizizi.

Chama kimekubaliana na fundi siti mmoja wa Kariakoo. Anapanga sponji kwa tabaka, ngumu chini na laini kidogo juu, na anakubali urudi akukatie upya baada ya kuijaribu barabarani. Hilo la kurudi ndilo lililotufanya tumchague. Walioongeza ngozi ya kondoo juu ya siti wanaisifu kwa sababu inapitisha hewa na jasho halikai. Jambo lingine dogo, lakini lilimtesa mwenzetu mmoja hadi akasimamisha msafara Igawa: mshono mnene wa jinzi. Vaeni ndani kaptula ya kubana isiyo na mshono wa kukalia, kama zile za waendesha baiskeli.

Mikono nayo ilisumbua, hasa wenye pikipiki za cc 150 ambazo injini yake inanguruma kwa kasi kubwa njia nzima. Mtetemo ule, ukichanganya na kung'ang'ania usukani, unaleta ganzi kwenye vidole. Wengi tunashika usukani kama tunaogopa utaibwa. Ushikwe kama yai. Tanki ndilo la kubanwa, kwa magoti, ili mgongo na mapaja yabebe mwili badala ya viganja. Geuzeni pia mikono ya klachi na breki ishuke kidogo, ili kiganja kiwe kwenye mstari mmoja na mkono unaotoka kwenye kiwiko. Ni kazi ya spana moja na dakika tano, tena bure. Ajabu ni kwamba wengi hatujawahi kuigusa tangu pikipiki itoke dukani. Imekaa kama fundi alivyoifunga, kwa urefu wa mtu tusiyemjua.

Kuhusu begi la mgongoni, kamati imeshapitisha: kwenye safari za chama mizigo inafungwa kwenye pikipiki. Kilo nane mabegani hazionekani kitu pale Kibaha. Zinaonekana Ilula.

Sasa vituo. Zamani tulisimama pale tu mtu anapohitaji mafuta. Lakini tanki la pikipiki ya cc 150 linaweza kukuvusha zaidi ya kilomita 400, na hakuna kiuno kinachofika huko bila kuomba radhi. Mwaka huu tumesimama kila baada ya saa moja na kidogo, tanki likiwa limejaa au la. Dakika kumi za kushuka, kutembea, kuchuchumaa na kuinuka, kuzungusha mabega. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2007 kwamba kukaa safarini kwa saa 4 au zaidi kunaongeza takriban maradufu hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu. Hatari yenyewe ni ndogo, lakini kutembea kidogo kunaipunguza, basi kwa nini usitembee? Wapo waliolalamika kwamba tunachelewa. Tulifika Iringa kabla ya jua kuzama, na jioni ile watu walitembea hadi sokoni kwa miguu yao. Safari iliyotangulia hii tulifika mapema zaidi na nusu ya msafara ikalala bila kula.

Dada zetu walileta hoja ambayo, nakiri, kamati yote ya wanaume haikuwa imeiona. Wengi wao hawanywi maji njiani kwa sababu hawajui watajisaidia wapi. Sisi tunasimama kwenye mbuyu wowote, wao hawawezi. Basi mtu anapita Bonde la Mibuyu koo limekauka, kwa makusudi, ili asiombe msafara usimame. Kuanzia sasa vituo vinapangwa kwa kigezo cha kwanza cha choo safi chenye maji, na katibu ana orodha ya sheli na migahawa tuliyoikagua kutoka Chalinze hadi Uyole. Pale Ruaha Mbuyuni wanawake wawili wa msafara ndio waliofanya ukaguzi. Wanaume walikuwa wananunua vitunguu.

Maji yenyewe yanywewe kabla ya kiu. Upepo unakausha jasho kabla hujaliona, kwa hiyo unadhani hutoki jasho. Mkojo wa rangi ya majani ya chai ni ushahidi. Siku ya joto kali, ongezeni pakiti ya ORS. Soda nne si badala yake. Na wale wanaofungua koti lote kunapokuwa na joto, jueni kwamba hewa ikishazidi joto la ngozi, yaani kama nyuzi 35, upepo haukupoozi tena, unakupasha. Fulana iliyoloweshwa maji chini ya koti inasaidia sana kwenye hewa kavu, kama ile ya Dodoma. Safari ya Tanga na Pangani tuliijaribu, na watu walifika wamelowa na bado wana joto, kwa sababu hewa ya pwani ina unyevu wa kutosha na haipokei mwingine.

Baridi tuliidharau. Makambako asubuhi, kipima joto kikisoma nyuzi 10, mtu anayekwenda kilomita 80 kwa saa anasikia kama nyuzi 4 au 5. Vidole vikiganda, klachi inachelewa na breki inachelewa. Koti la mvua likivaliwa juu ya koti la kawaida linazuia upepo hata kama hakuna wingu, na gazeti kifuani bado linafanya kazi kama lilivyowafanyia baba zetu. Hapa niseme neno kuhusu imani kwamba upepo wa pikipiki unaleta nimonia. Nimonia inaletwa na vimelea. Kikinga kifua ni kizuri, kivaeni, kinakupa joto na utulivu. Ila mwenye homa na kikohozi asiende duka la vikinga, aende hospitali.

Masikio nitayapitia haraka. Kelele ya upepo ndani ya helmeti kwenye mwendo wa kilomita 100 kwa saa inakaribia desibeli 100, na wataalamu wa afya kazini wa NIOSH, Marekani, wanashauri kiwango hicho kisizidi dakika 15 kwa siku. Vizibo vya sponji vya masikioni vinauzwa kwa bei ya chai. Honi ya lori utaisikia. Utakachokikosa ni ule mlio wa kichwani usiku, na sehemu kubwa ya uchovu tuliokuwa tunausingizia barabara.

Usingizi ndio uliotugharimu. Mwenzetu mmoja alitoka barabarani alasiri, akaanguka kwenye majani na kuvunjika mtulinga. Amepona, yuko nasi leo, na ameniruhusu nilieleze. Usiku uliotangulia alikuwa amelala kwa muda wa saa nne tu, amekula ugali na nyama wa kumwangusha simba, na alikuwa amemeza piritoni kwa ajili ya mafua. Kila moja peke yake pengine lisingemwangusha. Kati ya saa nane na saa kumi alasiri mwili wa kila mtu unashuka, hata usipokula kitu; shibe na dawa ya mafua inayoleta usingizi vinakamilisha kazi. Kwa hiyo chakula cha mchana cha msafara sasa ni chepesi: ndizi, mayai, karanga, supu kwa anayetaka. Nyama choma inasubiri jioni. Anayehisi uzito wa macho anywe kahawa, kisha alale dakika 20 pale pale. Kahawa inahitaji kama nusu saa kuanza kazi, kwa hiyo vinakutana vizuri. Kiongozi wa msafara hana ruhusa ya kumwambia mtu ajikaze.

Kwa msingi huo huo kamati ilikataa ombi la baadhi ya vijana wetu la kwenda Mwanza kwa siku moja. Walitaja Iron Butt Association ya Marekani, inayotambua waliomaliza maili 1,000, yaani kilomita 1,609, ndani ya saa 24. Nawaheshimu. Lakini wao wanapata barabara kuu zisizokatiza vijiji. Sisi tuna matuta, ng'ombe, alama za 50 kila kijiji na trafiki mwenye tochi ya kupima mwendo nyuma ya mwembe. Kilomita zile zile, hapa zinaula mwili mara mbili. Nimeambiwa uamuzi huu unaitwa wa kizee. Sina pingamizi.

Mazoezi ya Jumamosi pale Coco Beach yalianza na umati na kubaki na wachache, hasa baada ya mvua za masika. Sitawasema. Nitasema tu kwamba waliobaki ndio walioshuka kwenye pikipiki Mbeya wakiwa wamenyooka. Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, na mazoezi ya misuli siku mbili. Kwa mwendesha pikipiki, kipaumbele ni misuli ya tumbo na mgongo, mapaja, shingo na mshiko wa viganja, pamoja na kunyoosha nyonga. Kuchuchumaa na kuinuka nyumbani ukisubiri maji yachemke kunahesabika.

Upande wa fedha, mhazini atasoma mapato na matumizi. Mtaona fungu la fulana limepungua na limeingia fungu la huduma ya kwanza, vizibo vya masikio na mtungi mkubwa wa maji unaobebwa na gari la msafara. Ada za nyuma bado ni tatizo, na wanaodaiwa wanajijua.

Kamati inaleta mbele yenu mapendekezo matatu ya kupigiwa kura leo. Kila mwanachama apimwe presha na sukari kabla ya safari yoyote inayozidi kilomita 500, na anayetumia dawa amweleze kiongozi wa msafara. Msafara usizidi pikipiki kumi kwa kundi, ili kusimama kusiwe mkutano wa hadhara. Na safari ya mwaka ujao, kutoka Dar es Salaam kupitia Songea hadi Mbamba Bay, igawanywe siku tatu za kwenda badala ya mbili. Katibu anagawa karatasi za kura sasa. Anayetaka nafasi kwa fundi siti ajiandikishe meza ya nyuma kabla ya chakula, kwa sababu anachukua siti nne tu kwa wiki.