Barua ya Wazi kwa Mkuu wa Wilaya: Tufungulieni Njia ya Msituni

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,

Pokea salamu za heshima kutoka kwa wafuga nyuki wa vijiji vinavyopakana na msitu wa hifadhi, huku Tabora. Nakuandikia hadharani kwa sababu barua tulizozipitisha kwa mtendaji wa kijiji na kwa diwani hazikujibiwa, na kwa sababu ya jambo lililotokea wiki iliyopita kwenye kizuizi cha kitalu cha uwindaji, yaani eneo la msitu ambalo kampuni imepewa kibali cha kuwindisha wageni.

Mtoto wa mdogo wangu alishikwa na degedege usiku. Tukampakia kwenye pikipiki kuelekea kituo cha afya kwa njia ya msituni, iliyo fupi kuliko zote. Walinzi wa kampuni walituzuia, wakisema kuna wageni kitaluni na wao hawana amri ya kumpitisha mtu. Tulizunguka kwa barabara kuu hadi kukapambazuka. Mtoto amepona, namshukuru Mungu, lakini alifika akiwa hana fahamu. Na hadi leo sijaelewa pikipiki moja ingeharibu mawindo ya nani usiku wa manane, saa ambazo sheria yenyewe hairuhusu kuwinda.

Mheshimiwa, hatupingi uwindaji. Tunachokataa ni kibali cha kuwinda kugeuzwa hati ya kumiliki msitu. Hifadhi ya msitu inaongozwa na Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002, ambayo inataka kuwe na mpango wa usimamizi na inaruhusu vijiji jirani kuingia makubaliano ya kuusimamia msitu pamoja na Serikali. Wanyama wana sheria yao, Na. 5 ya 2009. Nadhani hapa ndipo tunapopotelea, kwa maana watu wa misitu hutuelekeza kwa watu wa wanyamapori, hao hutuelekeza kwa kampuni, na watu wa barabara husema njia ile haimo katika orodha yao. Huenda pia, tangu vitalu vianze kugawiwa kwa mnada mwaka 2019, aliyelipa fedha nyingi anaamini amenunua na njia.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kutufungia hakujaulinda msitu. Moto wa Juni, nyasi zikiwa bado na unyevu, hupita chini bila madhara makubwa. Moto wa Septemba na Oktoba huua miche ya mninga na kuteketeza mizinga pamoja na nyuki wake. Zamani sisi tuliokuwa kwenye kambi zetu za nyuki msituni ndio tuliouona moshi kwanza, na njia ile ile, ikifyekwa kila mwaka, ilikuwa kinga ya moto. Leo imeota nyasi, makalavati yamezibwa na mchanga, na hakuna anayeifyeka. Msimu wa uwindaji unapoanza Julai, asali yetu nyingi bado iko mizingani, nasi tunaambiwa tusubiri. Malori ya magogo tunayasikia usiku yakitoka upande wa pili wa msitu, na hayo hayasubiri mtu.

Ulipokuja kwenye mkutano wa hadhara mwaka jana, ulisema mbele yetu sote kwamba kizuizi kitakuwa na daftari, mwanakijiji ataandika jina lake na kupita, na makalavati yatazibuliwa kabla ya mvua. Wananchi walikupigia makofi, nami nilikuwa miongoni mwao. Mvua zimekuja zimeondoka, na daftari hatujaliona.

Tunaomba daftari hilo liwekwe. Tunaomba wataalamu wa misitu, wa wanyamapori na wa barabara waitwe katika kikao kimoja, mbele ya wanakijiji, waseme nani anawajibika na njia hii. Ikiwa hayo yote yanahitaji muda, basi toa amri moja tu, leo, kwa maandishi, ibandikwe pale kizuizini: mgonjwa apite saa yoyote, msimu wowote. Hiyo peke yake haihitaji bajeti, Mheshimiwa. Mgonjwa apite.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mfuga nyuki, mkazi wa kijiji cha kando ya msitu