Nyasi za Ziwa Khanka

Mhariri,

Wanaoisifu Dersu Uzala (1975), filamu ya Akira Kurosawa, huanza na misitu ya Ussuri, mashariki ya mbali ya Urusi. Misitu inapendeza, kweli. Lakini utamu wa filamu uko kwenye Ziwa Khanka lililoganda, mpakani mwa Urusi na China, jua likizama na upepo ukifuta nyayo.

Wawili wamepotea: Dersu, mwindaji mwenyeji wa misitu hiyo, na Kapteni Arsenyev, Mrusi mpima ardhi. Dersu anamhimiza Kapteni akate nyasi, akate tu, hadi anazimia kwa uchovu. Kisha Dersu anatumia miguu mitatu ya kifaa cha kupimia ardhi kama nguzo, anarundika nyasi na kuzifunga kwa kamba zisipeperuke. Hakuna moto! Kinachowaokoa ni hewa iliyonaswa kati ya mabua. Haitembei, basi joto la mwili halitoroki.

Wanaopanda Mlima Elgon waitazame kwa makini. Juu ya mita 4,000 usiku ni baridi kali, na wengi hukosea kwa kujifunika juu wakasahau chini. Ardhi hunyonya joto, na nyasi zikilaliwa hubanwa. Tandika lundo la kimo cha goti ndipo libaki la kutosha. Kibanda kiwe kidogo, cha kukuenea tu, mlango uupe upepo kisogo. Nyasi mbichi zilizolowa hazikingi sana.

Wenye kumbi za sinema Kisumu waionyeshe. Watu wa matete na mafunjo wataielewa upesi kuliko wengine.

Mpenzi wa filamu za kale,
Kisumu