Jumamosi tunang'oa lantana Karura

Habari za jioni wapendwa. Jumamosi tukutane geti la Limuru Road la Msitu wa Karura, Nairobi, saa moja asubuhi, kabla jua halijawa kali. Lantana, kile kichaka vamizi, imeziba njia ya kwenda kwenye maporomoko ya maji. Tafadhalini tuing'oe na mizizi. Ukikata juu tu inachipua tena, na miche ya asili inakosa mwanga. Beba jembe, glavu na maji ya kunywa.

Nitakuja pia na barua yetu ya kuomba mipaka ya msitu iwekwe alama wazi. Januari 1999 mtetezi wa mazingira Wangari Maathai alipigwa na kupasuliwa kichwa hapa hapa Karura akipanda mti kupinga unyakuzi wa ardhi ya msitu, kwa hiyo barua hiyo isomeni vizuri kabla ya kutia sahihi. Wenye watoto njooni nao, watamwagilia miche.