Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Julai 2024 hadi Juni 2025

Ndugu wanachama, mlezi wetu, wazee na vijana mliofika, mbukwenyi!

Tumesimama kimya kumkumbuka mpiga besi wetu. Nashukuru. Sasa kaeni, maana ninayotaka kusema mwaka huu yanaanzia kwenye msiba wake.

Mlikuwepo wengi. Ulipofika wakati wa wasifu wa marehemu, kijana wa familia alisimama na karatasi yake. Alisoma tarehe ya kuzaliwa, shule, kazi serikalini, kuugua, matibabu, mjane, watoto na wajukuu. Muziki ulitajwa kwa maneno manne: "pia alikuwa mpenda muziki". Mtu aliyepiga besi karibu miaka thelathini, aliyekuwa akirudi nyumbani alfajiri na vidole vimevimba, ameitwa mpenda muziki! Nilitazamana na katibu. Nikataka kusimama nisahihishe, nikajikuta sijui mwaka aliofika Dodoma, sijui alifundishwa na nani, sijui bendi ipi ilitangulia ipi. Tumekunywa naye chai miaka kumi na mbili. Sikumlaumu yule kijana. Nilirudi zangu nyumbani nimenyamaza.

Kwa hiyo kikao cha Machi kiliamua kwamba kila tunapomsoma marehemu, mwanamuziki au mtangazaji, kwenye mkutano wetu wa Jumamosi ya kwanza ya mwezi, tusiishie kwenye tarehe. Tuulize alijifunza kwa nani, alifanyia kazi wapi na wapi, na sauti yake iko kwa nani leo. Daftari letu la wasifu wa marehemu tumelifungua upya kwa utaratibu huo, na waliotangulia kusomwa tumewarudia. Nitawaeleza tulichopata, na palipo pungufu mtapaona wenyewe.

Aliyetuchukua muda mrefu kuliko wote ni King Kiki, Boniface Kikumbi, aliyefariki Dar es Salaam tarehe 15 Novemba 2024. Siku ile kila redio ilipiga "Kitambaa Cheupe", na mama zetu wa kamati ya chakula wakaja kikaoni na vitambaa vyao mkononi, wakavipunga kama enzi zile. Ilikuwa raha, sikatai. Lakini kijana mmoja aliniuliza baadaye, "Mzee, huyu alikuwa na wimbo mmoja tu?" Swali halali, kwa sababu ndiyo sura aliyoletewa. Basi tukaandika: amezaliwa Lubumbashi mwaka 1947, amekuja Tanzania mwaka 1977 kujiunga na Maquis du Zaire, bendi ya Wakongo waliohamia kwetu na kuugeuza mtindo wao taratibu hadi ukaimbika kwa Kiswahili cha mtaani. Wengi wa wanamuziki wale walikuja kwa mkataba wa kazi tu, wakaishia kuzikwa hapa. King Kiki aliimba hadi uzeeni, na bendi yake ya mwisho aliiita Wazee Sugu. Jina lile mimi nalipenda kuliko nyimbo zake zote, na msiniulize kwa nini, nitazameni tu nilivyo.

Kuhusu alijifunza kwa nani, ukurasa bado ni mweupe. Anayemjua mtu wa Maquis aliye hai amwandikie katibu.

Nije nyumbani. Agosti 2024 Mandojo alifia hapa hapa Dodoma. Namna alivyoondoka ilituuma na sitaigusa. Hiyo ni kazi ya vyombo husika na familia. Naongelea kazi yake. Yeye na Domokaya walikuja wakati ambapo vijana wa Bongo Fleva waliegemea midundo ya kompyuta, wao wakaja na gitaa. "Nikupe Nini" ukiisikiliza leo, chini ya ile midundo bado kuna mtu ameshika nyuzi. Wazee wa chama hiki, ambao kwa miaka walikataa katakata kuandika Bongo Fleva kwenye daftari, walikubali kwa ajili yake. Nimefurahi ubishi ule umekwisha, ingawa najua wawili bado wananuna kule nyuma.

Mlango huo ulipofunguka, vijana walileta majina mengine ya mji huu. Mez B aliyefariki hapa Dodoma tarehe 20 Februari 2015. Ngwair, yaani Albert Mangwea, aliyefariki Johannesburg tarehe 28 Mei 2013 na kuzikwa Kihonda, Morogoro. Wote wawili walikuwa Chamber Squad, kundi ambalo mizizi yake ni mji huu, na waliokuwa sekondari miaka ile wanakumbuka jinsi jina la Dodoma lilivyoanza kusikika kwenye nyimbo zilizorekodiwa Dar. Kabla ya hapo, sisi tulikuwa mji wa kupita. Treni inasimama, watu wananunua karanga, inaondoka.

Na hapa nawaomba wazee mnivumilie, kwa sababu hata hilo la "kabla ya hapo" si kweli kabisa. Patrick Balisidya alizaliwa Mvumi. Ni mwendo mfupi tu kutoka tulipokaa! Kijana wa Kigogo aliyeunda Afro 70, na bendi hiyo ndiyo iliyokwenda Lagos kwenye tamasha la FESTAC mwaka 1977 ikiwa na bendera ya Tanzania. Alifariki Agosti 2004. Tulipomsoma mwezi Aprili, wanachama saba kati ya waliokuwepo walikuwa wanaimba "Harusi" neno kwa neno, na watatu kati yao walidhani mwimbaji ni mtu wa Pwani. Mmoja wa hao watatu ni Mgogo, na simtaji kwa heshima ya ndevu zake.

Hukwe Zawose mnamjua, au mnadhani mnamjua. Mgogo mwingine, mpiga zeze na ilimba, ile marimba ya vidole, aliyeitwa Dar es Salaam enzi za Mwalimu Nyerere, akafundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo na kufia huko Bagamoyo tarehe 30 Desemba 2003. Kanda zake zilitolewa Uingereza na akapiga mbele ya wazungu wa kila aina. Wakati huo huo, hapa kwetu, kijana akitaka kumsikia inabidi aingie intaneti. Mzee mmoja kutoka Chamwino, aliyekuja kikaoni kama mgeni, alitueleza jambo ambalo halimo kwenye karatasi yoyote niliyowahi kuona: kwamba sauti ile nyembamba ya juu, iliyowashangaza watu wa nje, kwa Mgogo ni sauti ya kawaida ya kuimbia ngomani. Hukwe hakuivumbua, alikwenda nayo. Alituimbia kidogo. Chumba kizima kilitulia hadi tukasikia bodaboda za barabarani. Nilikuwa na simu mfukoni na sikuirekodi. Andikeni hilo kwenye kumbukumbu za mkutano, kosa la mwenyekiti.

Watangazaji ni habari nyingine, na ni ngumu zaidi. Mwanamuziki akifa anaacha wimbo. Mtangazaji alisema, hewa ikachukua. Vituo vingi duniani vilikuwa vinafuta kanda na kurekodi juu yake kwa sababu kanda ni ghali, na mimi niliyekaa dukani Majengo miaka mingi nikitengeneza redio nawaambia, watu walizijua sauti za watangazaji kuliko za shemeji zao.

Leonard Mambo Mbotela alifariki tarehe 7 Februari 2025 huko Kenya. Mtashangaa anaingiaje kwenye daftari la Dodoma. Anaingia kwa sababu ya mawimbi ya redio ya masafa ya kati. Mchana mawimbi yale hayaendi mbali, lakini jua likizama yanagonga tabaka la juu angani na kurudi chini mamia ya kilomita kutoka mtambo ulipo. Usiku wa kiangazi hapa kwetu, anga likiwa kavu, Sauti ya Kenya ilikuwa inaingia kama jirani. Ndiyo tukalijua "Je, Huu ni Ungwana?", kipindi alichokianzisha mwaka 1966 na kukiendesha kwa miongo mingi, akiuliza mambo madogo madogo ya adabu ambayo kila mtu anajua ameyakosea. Ni yeye askari walimchukua nyumbani tarehe 1 Agosti 1982 wakampeleka studio atangaze kwamba serikali imepinduliwa. Mapinduzi yalishindwa siku hiyo hiyo. Fikirini mtu aliyezoea kuwauliza wenzake kama ni ungwana kumwingilia mtu maneno, amewekwa mbele ya kipaza sauti na bunduki mgongoni. Baba yake, James Mbotela, ndiye mwandishi wa "Uhuru wa Watumwa", kwa hiyo Kiswahili kwenye nyumba ile kilikuwa kazi ya ukoo.

Charles Hilary alitutoka tarehe 11 Mei 2025. Yeye ametupa kazi rahisi kwenye swali la wapi na wapi, maana njia yake inajulikana: Radio Tanzania Dar es Salaam, Radio One, Deutsche Welle, BBC, Azam, na mwisho Zanzibar, ambako alikuwa msemaji mkuu wa serikali. Aliyemsikia akitangaza mpira hahitaji kuelezwa. Wanachama wawili walijaribu kumwigiza kikaoni. Wote wawili walishindwa kwenye pumzi.

Mwaka wa jana tulikuwa tumemsoma Gardner Habash wa kipindi cha Jahazi cha Clouds FM, aliyefariki Aprili 2024. Tumemrudia, na kumrudia yeye kukatufikisha kwa mwenzake wa kipindi kile, Ephraim Kibonde, na kwa bosi wao Ruge Mutahaba. Ruge alifariki tarehe 26 Februari 2019. Kibonde akasimama na kuongoza shughuli ya mazishi yake kule Bukoba, na tarehe 7 Machi, siku tisa tu tangu kifo cha Ruge, naye akafia Mwanza. Katibu aliandika tarehe hizo mbili kwenye mstari mmoja. Sikuongeza kitu.

Wa mbali tumepita haraka. Quincy Jones alifariki tarehe 3 Novemba 2024 akiwa na miaka 91, vijana wakaomba asomwe, akasomwa. Toumani Diabaté wa Mali, fundi wa kora, ala ya nyuzi ya Afrika Magharibi, alifariki tarehe 19 Julai 2024. Huyo nilimwombea mimi mwenyewe nafasi, kwa sababu kora ina nyuzi 21 na alizirithi kwa baba, na baba kwa babu. Nilitaka wajukuu wetu wenye zeze ukutani walione hilo.

Sasa ya kuudhi. Mnakumbuka tulikuwa na kaseti kumi na moja za burudani za zamani za mji huu. Tulizipeleka kwa fundi mmoja mjini azihamishie kwenye flashi. Tatu zilitafunwa na mashine. Nane zilirudi, lakini zimeendeshwa kwa kasi isiyo yake, waimbaji wanasikika kama watoto wa chekechea. Hela yetu hakurudisha na simu hapokei. Kamati ilinishauri nisilisemee, mimi nimeona wanachama mjue. Kaseti zenyewe zile nane ni nzima, ziko kwangu kabatini mbali na jua, na hazitatoka tena bila mwanachama kukaa pembeni ya mashine hadi mwisho.

Jambo la hakimiliki mliniagiza nilifuatilie. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mtunzi haki katika uhai wake wote, na baada ya kufa kwake miaka 50. Kwa hesabu hiyo kazi za Balisidya zina mwenyewe hadi 2054, na mwenyewe ni warithi. Lakini mrithi akienda COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya nchi, ataulizwa wimbo gani, ulitungwa na nani, lini. Hapo ndipo "pia alikuwa mpenda muziki" inapogeuka kuwa hasara ya fedha. Familia ya mpiga besi wetu ilikuja nyumbani mwezi Mei kuuliza hilo hilo. Alikuwa ametunga nyimbo mbili, mjane anazikumbuka kwa mdundo, majina hazina. Tumeanza kuwatafuta wenzake. Mpiga tumba tumempata Kondoa. Anasema nyimbo ni tatu.

Fedha, mhazini atagawa karatasi yake baada yangu. Ada ni ile ile shilingi 2,000 kwa mwezi, na wadaiwa wanajijua. Uchaguzi wa makamu utafanyika leo baada ya chai, maana aliyepo amehamia Singida.

Mwaka ujao kamati inapendekeza tuanze na walio hai. Kila Jumamosi ya kwanza mzee mmoja akae kwenye kiti, aulizwe maswali yale yale matatu, vijana warekodi kwa simu mbili ili moja ikizima nyingine iendelee. Orodha ya wazee kumi na wanne iko kwa katibu, na wa kwanza ni yule mzee wa Chamwino, ambaye amekubali kwa sharti kwamba apelekwe na kurudishwa kabla ya giza. Safari ya Kondoa kwa mpiga tumba inahitaji gari. Mwenye gari anione. Na mimi natafuta mkanda wa mpira wa mashine ya kaseti, ule mwembamba wa mraba. Mwenye redio mbovu nyumbani asiitupe, ailete dukani.