Makubazi Yangu Yako Dodoma

Dar es Salaam, Jumapili usiku

Mwanangu mpenzi,

Naandika kwa sababu kwenye simu huniachi nimalize. Nikisema nilikuwa na marafiki, unauliza marafiki gani. Nikisema nimewapata msikitini, unauliza walinijuaje, na hapo mama yako anadakia kutoka jikoni, kesi inaanza upya. Yeye ameshanisema vya kutosha. Basi keti, nikueleze Ijumaa nilikuwa wapi na kwa nini ulipiga mara kumi na moja usinipate.

Kilichonipeleka Dodoma unakijua, zile karatasi za pensheni. Nilijiandaa kwa foleni ya siku mbili, hata gazeti nilibeba. Saa tatu na nusu asubuhi binti wa dirishani akanirudishia bahasha: "Tayari, baba." Tayari! Tiketi yangu ya kurudi ilikuwa ya Jumamosi mchana. Nikasimama nje kama mtoto aliyeachiwa shule mapema, asiyejua kama nyumbani kuna mtu.

Nikaanza kupiga hesabu. Miaka ishirini na tisa nimekagua tiketi kwenye Reli ya Kati. Dodoma nimeipita mchana na usiku, mara ambazo hata sizijui, na sikuwahi kuvuka geti la stesheni. Kwangu mimi Dodoma ilikuwa taa za jukwaani, wauza ubuyu na zabibu madirishani, filimbi, haya twende. Saranda, kituo kidogo tu, naijua zaidi kwa sababu ya kuku wake. Mwaka 1973, TANU ilipoamua makao makuu yahamie Dodoma, nilikuwa darasa la tano Tabora. Mwalimu alichora ramani ubaoni akaweka nukta katikati, akatuambia tutaishi kuona. Serikali ilikuja kuhamia kweli kweli 2016, nami nikiwa nakaribia kustaafu.

Treni ya umeme sitaieleza sana, umeshaipanda. Ila kipande cha Kilosa hadi Gulwe kilinigusa. Pale ndipo tulipokuwa tukikwama na mita geji yetu, ile reli nyembamba ya zamani, kila mto Mkondoa ulipobeba tuta, abiria wanalala kwenye mabehewa, watoto wanalia, mimi nagawa maji na uongo kwamba tunaondoka sasa hivi. Juzi nimepita huko ndani ya mahandaki, chai haijapoa. Nilifurahi. Na wivu nao nilikuwa nao, nisikufiche.

Haya, Ijumaa. Nilitembea kwa miguu hadi Nyerere Square. Mwezi huu upepo wa Dodoma hauna adabu, unakuja na vumbi lake jekundu unakupaka hadi ndani ya masikio. Nikanywa chai ya maziwa, chapati mbili. Kijana mpiga picha akanibembeleza nisimame mbele ya sanamu ya Mwalimu. Picha nimeiweka humu ndani ya bahasha, usicheke kofia. Pembeni ya barabara mama mmoja alikuwa na zabibu kwenye beseni, mavuno ya pili ya mwaka, nyeusi, bado zina ule unga wake juu ya ganda. Nikanunua kilo mbili bila kujua nampelekea nani.

Swala ya Ijumaa nikaswali Msikiti wa Gaddafi, ule mkubwa uliojengwa kwa msaada wa Libya. Natoka, makubazi yangu hayapo. Yale ya ngozi uliyoninunulia Idi. Pale nilipoyaacha yamebaki mengine, rangi ileile, ila ya mtu mwenye mguu mfupi. Nikakaa kwenye ngazi na mfuko wa zabibu nikangoja. Watu wakaisha. Mzee mmoja akanishauri nivae hayo yaliyopo, Mungu ndiye aliyebadilisha. Nikamwambia Mungu anajua namba ya mguu wangu.

Baada ya nusu saa hivi ikaja bajaji mbio, dereva akashuka huku ananyoosha mikono kabla hata hajanifikia. "Mzee wangu, nisamehe! Nimefika Majengo ndiyo naona mguu unaelea." Mtu wa miaka arobaini na kitu, Mrangi wa Kondoa, mcheshi, macho yake yanatangulia kucheka. Tukabadilishana pale pale, peku wote wawili. Akauliza naelekea wapi. Nikasema sielekei popote. Akaniangalia vizuri, akasema, "Basi panda. Nimekula nusu saa yako, nikurudishie."

Alinizungusha mchana mzima, na kila nilipotaja hela alikuwa anaongeza mwendo. Bunge tuliliona kwa nje. Tukapanda kilima cha Chuo Kikuu, kile kilichoanza 2007, na mji wote ukawa chini yetu: mabati mapya yanawaka jua, vilima vya mawe vimekaa kama ng'ombe waliolala, na hapa na pale mbuyu ambao hakuna aliyethubutu kuukata. Lakini nilipomwambia kazi niliyofanya, akageuza bajaji bila kuuliza. Alinipeleka stesheni ya zamani.

Mwanangu, nilisimama nje ya lile geti muda mrefu. Nimeliona kwa ndani miaka yote ile, upande wa nje sikuujua. Kumbe hatua chache tu ukitoka kuna barabara, maduka, watu wanakula mihogo. Nilikuwa nadhani nje ya stesheni ni giza, kwa kuwa mara nyingi tulipita usiku. Nikaingia hadi jukwaani, nikatazama reli. Ni njia ileile waliyoijenga Wajerumani kutoka Dar, ikafika Kigoma 1914. Dereva wangu alinisubiri bila kusema neno, na kwa mtu anayeongea kama yeye hiyo ni sadaka.

Nadhani simu ilizima hapo, kwenye saa kumi. Sikuiangalia. Hilo ndilo kosa langu, na nalikubali.

Jioni akasema hawezi kunirudisha gesti bila mkewe kuniona, atamwambia nini. Nyumba yao iko Chang'ombe, vyumba viwili na ua, na uani wameshakaa majirani: mwalimu mstaafu, mama muuza mkaa, na mzee wa Hombolo mwenye ekari mbili za zabibu aliyekuja mjini kumwona mjukuu. Mke wa dereva ni Mgogo. Akanipokea kwa mikono miwili, "Mbukwa!" nami nikarudisha mbukwa yangu ya Kitabora, wakacheka wote. Akauliza kabila. Nikasema Mnyamwezi. Weee! Alisimama wima na mwiko mkononi.

"Mnyamwezi? Babu zako walipita hapa na pembe za ndovu, wakanywa maji yetu, wakalipa hongo. Wewe umepita na treni miaka thelathini. Hongo iko wapi?"

Na hilo ni kweli, mwanangu, halikuwa utani mtupu. Misafara ya kwenda na kutoka pwani iliyopita Ugogo ilikuwa lazima iwalipe watemi wa huko hongo, yaani ushuru wa njia, nguo na shanga, maana nchi ni kavu na visima ni vyao. Nikashika mfuko wangu, nikamkabidhi zile kilo mbili za zabibu. Akazipima kwa mkono, akamgeukia yule mzee wa Hombolo: "Za kwako hizi?" Mzee akaonja moja, akatema kokwa, akasema si zake, zake ni tamu zaidi. Ndipo nikaruhusiwa kukaa.

Tulikula ugali wa uwele na mlenda mkavu uliotiwa karanga, na kuku. Mlenda wa Wagogo una ufundi wake. Unamega, unachovya, unazungusha mkono ili kuukata, halafu ndiyo unapeleka mdomoni. Mimi sikuzungusha. Uzi mmoja ulitoka bakulini hadi kwenye masharubu yangu, mama muuza mkaa akaomba asisogee mtu kwanza autazame. Nimecheka hadi mbavu zikauma, nami tangu nistaafu, kama unavyojua, nimekuwa mtu wa kukaa na redio.

Mzee wa Hombolo alitufundisha kilimo chake: unapogoa mzabibu, miezi kama minne unavuna, ndiyo maana wanavuna mara mbili kwa mwaka. Mwalimu akasimulia habari ya tembo aliyekuja kunywa maji akazama kwenye tope, ndiyo Dodoma, mahali palipozama. Baadaye kijana wa nyumba ya pili akaja na zeze. Unamkumbuka marehemu Hukwe Zawose, yule mwimbaji wa Kigogo, sauti ile inayopanda hadi unadhani imekatika? Kijana hakuwa Zawose, alikuwa anakosea na kuanza upya. Hakuna aliyeondoka. Saa tano usiku ndiyo nikakumbuka kwamba nina mke, nina binti Mbeya, na nina simu.

Dereva alinifikisha gesti, na Jumamosi akanipeleka stesheni ya SGR, ya treni ya umeme. Mkewe amempa mama yako pakiti ya mlenda mkavu. Nusu naituma kwako na basi, karanga tia mwishoni.

Sasa usimwambie mama yako hili. Nimefika nyumbani jana, navua makubazi mlangoni, la kulia limetoka lenyewe, la kushoto limenibana. Kule Chang'ombe tuliyavua yote mlangoni, na usiku taa ilikuwa hafifu. Nimempigia dereva. Kumbe na yeye anaendesha bajaji na kubazi langu la kushoto tangu asubuhi, alikuwa anaona haya kunipigia. Akasema atampa mtu wa kwenye treni aniletee. Nimemwambia aliache hapo mlangoni, lisisogezwe.

Baba yako