Kaka anadai daftari la mapato yake ya utotoni, mama amenikataza kumpa

Shangazi, shikamoo.

Naandika kuhusu kaka yangu, tumbo moja. Alianza kuigiza filamu akiwa na miaka 7, na kwa kipindi chote cha utoto wake hakuweza kupita mahali bila kuitwa kwa jina la yule mtoto aliyemwigiza. Alipobalehe, sauti ikawa nzito, uso ukajaa chunusi, na simu zikaacha kulia. Hakuna aliyemwita akamwambia kazi imekwisha. Alishinda karibu na simu akingoja, mwaka ukapita, ukaja mwingine, mpaka akaelewa mwenyewe. Leo ana miaka 36. Hana kazi ya kueleweka, ndoa ilimshinda, na pombe anaianza asubuhi kabla hajatia kitu tumboni. Kodi ya chumba chake nalipa mimi.

Ulevi wake tumeishi nao miaka mingi. Lililonifanya nikuandikie sasa ni daftari.

Mama ndiye aliyesimamia kazi zake zote. Baba alikuwa mgonjwa wa muda mrefu, hivyo mama ndiye aliyesaini mikataba kama mlezi, na malipo yakaingia kwenye akaunti yake. Mama ni mtu wa kuandika kila kitu. Ana daftari kubwa la jalada gumu, kurasa zimepigwa mstari katikati: kushoto kilichoingia, kulia kilichotoka. Baada ya kumzika baba alinikabidhi nilifiche kwangu, kwa kuwa kaka alishaanza kupekua makabati. Aliniambia, "Mpaka nife, asilione."

Nimelisoma lote. Kushoto kuna majina ya filamu na awamu za malipo. Kulia kuna dawa za baba, paa la nyumba, ada yangu, sare yangu, vitabu vyangu. Zipo kurasa ambazo jina langu linajitokeza mara nyingi kuliko lake. Jina lake upande wa matumizi utalikuta kwenye nauli za kwenda kurekodi na kwenye kunyolewa nywele, maana waongozaji walitaka nywele zibaki urefu uleule mpaka filamu iishe. Na katika kurasa za mwanzo, kila mama alipochota pesa kwa mambo ya nyumbani, pembeni aliandika kwa kalamu nyekundu: "Za mtoto. Kurudisha." Kadiri kurasa zinavyosonga, maneno hayo yanapungua. Ugonjwa wa baba ulipozidi hayaonekani tena.

Sasa unielewe hapo, Shangazi. Mama hakuponda raha na pesa za mwanawe. Hana nyumba ya pili, hana gari, hana hata cheni ya dhahabu. Zililiwa na maradhi na shule. Shule yenyewe ni yangu mimi. Kaka alitolewa darasani mara kwa mara kwenda kurekodi, akarudi wenzake wameshapita, mwisho akaacha kabisa. Nina taaluma na mshahara kwa sababu mtoto wa miaka 9 aliamshwa alfajiri, akapakwa poda usoni, akatakiwa kulia machozi ya kweli mbele ya kamera mpaka mwongozaji aridhike. Yeye hajui kwamba pesa ziliishia huko. Anaamini ziko mahali zimefichwa.

Kesi za watoto wa filamu anazijua utadhani wakili. Ukimkuta bado hajalewa atakusimulia ya Jackie Coogan, aliyeigiza na Charlie Chaplin katika The Kid mwaka 1921 akiwa mtoto mdogo, akachuma mamilioni ya dola. Alipokuwa mtu mzima aliambiwa hana kitu. Mwaka 1938 akamshtaki mama yake na baba wa kambo, na kwa kuwa sheria ya California wakati ule ilihesabu mapato ya mtoto kuwa mali ya wazazi, aliambulia kama dola 126,000 tu. Mwaka uliofuata jimbo likatunga sheria inayoitwa kwa jina lake, lakini ilikuwa na mianya mingi, na ni tangu mwaka 2000 ndipo ilipotamkwa wazi kwamba anachochuma mtoto ni cha mtoto, na asilimia 15 iwekwe kwenye akaunti isiyoguswa mpaka atimize miaka 18. Kaka hupenda kusema sheria ile imewafaa watoto wote isipokuwa Coogan mwenyewe. Sisi hatukuwa na sheria ya namna hiyo, wala mikataba aliyosaini mama haina kifungu chochote kinachofanana na hicho. Nimeipitia yote.

Mama naye amepata wa kumtetea. Binamu yetu alimsimulia habari za Shirley Temple, ambaye akiwa binti wa miaka ishirini na ushei aligundua kwamba katika dola zaidi ya milioni 3 alizochuma, zilizobaki ni kama 44,000, na bado hakumwekea baba yake kinyongo. Akalea familia yake, akaja kuwa balozi wa Marekani nchini Ghana mwaka 1974, kisha Czechoslovakia. Tangu siku hiyo, ukimgusa mama anakuuliza, "Mbona yule hakumshtaki mzazi wake?" Mimi naona mfano huo unamsuta mama mwenyewe. Shirley Temple alizijua hesabu. Alijua kilichoingia na kilichobaki, ndipo akaamua moyoni mwake kwamba hatagombana na baba. Kaka yangu anatakiwa asamehe jambo ambalo hajaonyeshwa. Atasamehe nini?

Nilijaribu kumwambia mama hivyo. Alilia sana. Alisema mtu mzima akivuliwa nguo huchutama, na kwamba sisi wanawe tunataka kumvua mbele za watu halafu tumnyime hata pa kuchutama. Sikuwa na la kujibu, nikanyamaza.

Kinachotuharakisha ni hiki. Kuna watu wa filamu wamemtafuta kaka. Hawamtaki aigize. Wanatengeneza filamu ya maisha ya walioigiza utotoni wakapotea, na wanataka kumrekodi chumbani kwake, jinsi alivyo. Malipo wanayomtajia yatamwezesha kuishi kwa muda mzuri. Wamemuuliza pia kama yuko tayari kumzungumzia mama. Amekuja kwangu akiwa timamu kabisa, amenyoa ndevu, akaniambia: "Mdogo wangu, mimi sitaki kumwaibisha mama. Lakini nionyesheni daftari. Msiponionyesha, nitasema ninavyojua mimi." Anachojua yeye ni kwamba aliibiwa. Akisema hivyo mbele ya kamera, mama hataweza tena kutoka nje ya mlango wake, na maneno yakishatoka hayafutiki.

Mjomba anasema mtoto akililia wembe mpe. Apewe daftari, apewe na chochote tutakachochanga, akanywe mpaka atosheke. Naheshimu umri wa mjomba, ila kauli hiyo iliniuma kuliko yote. Kaka yangu si mtoto. Hilo ndilo tatizo la maisha yake tangu zamani, hakuna anayekubali kwamba amekua. Siku ya mazishi ya baba, tukiwa bado kaburini, bwana mmoja mwenye heshima zake alimshika bega, akamwomba aseme yale maneno yake maarufu ya kwenye filamu ili mkewe asikie. Kaka aliyasema. Aliyasema kwa sauti ileile ya kitoto, udongo wa kaburi ukiwa bado mikononi mwake, yule bwana akacheka akamshukuru. Usiku ule kaka hakurudi nyumbani.

Nikikumbuka usiku huo ndipo hofu yangu kubwa inaponijia. Yuko Bobby Driscoll, mtoto wa filamu za Disney aliyepewa tuzo maalumu ya Oscar kwa watoto mwaka 1950 na aliyetoa sauti ya Peter Pan. Mkataba wake ulikatishwa alipobalehe, na sababu iliyotajwa ilikuwa chunusi. Akaingia kwenye dawa za kulevya. Mwaka 1968 watoto waliokuwa wakicheza waliukuta mwili wake katika jengo lililohamwa mjini New York. Alikuwa na miaka 31. Hakutambuliwa, akazikwa kama mtu asiye na jina, na mama yake alipoanza kumtafuta mwaka uliofuata, kwa kuwa baba alikuwa mahututi, ndipo alama za vidole zikaonyesha ni yeye. Kaka akipotea siku mbili tatu simu haipatikani, nalala na habari hiyo kichwani.

Marafiki hunitumia habari za kunitia moyo. Wengi wanamtaja Ke Huy Quan, aliyeigiza kwenye Indiana Jones mwaka 1984 akiwa mtoto, akakosa nafasi, akahamia nyuma ya kamera kupanga mapigano, kisha akarudi na kupata Oscar mwaka 2023. Nafurahi kwa ajili yake. Lakini yule alikuwa na kazi ya kufanya katika miaka yote ya katikati, na kaka hata barua ya kuomba kazi inamtoa jasho. Niliwahi kumtafutia kibarua cha kupanga taa kwa mpiga picha mmoja. Alikiweza vizuri, mikono yake inajua kazi ile bila kufundishwa. Tatizo lilikuwa wateja. Walikuwa wakimtambua, wanataka picha naye, halafu wanamwuliza imekuwaje akafika hapo. Alijitahidi, baadaye akaacha kwenda.

Kuhusu matibabu, nimeshaulizia. Mjomba alitaka tumfungie ndani mpaka pombe imtoke. Daktari alitukataza kabisa. Alisema aliyekunywa kwa wingi miaka yote hiyo akikatishwa ghafla anaweza kupata degedege, kuchanganyikiwa, hata kufa, kwa hiyo siku za mwanzo lazima awe chini ya uangalizi wa hospitali na apewe dawa. Alisema pia kwamba baada ya hapo atahitaji mnasihi kwa muda mrefu. Kaka hakukataa. Alisema atakwenda akishaliona daftari, kwa sababu hataki kulala kitandani hospitalini akiwaza wanaficha nini.

Mimi nimekusudia kumrudishia pesa zilizonisomesha, hata kama itanichukua miaka. Mume wangu ameliafiki. Lakini nikimpa mkononi leo zitakwenda kwenye chupa, na nikizishika mimi nimpimie kidogo kidogo, nitakuwa nimefanya kilekile alichofanya mama: kuamua kwa niaba yake juu ya pesa zake. Nimewaza zilipe hospitali na chumba moja kwa moja, na nyingine ziwekwe kwa wakili kwa masharti atakayoyaandika kaka mwenyewe akiwa na akili timamu. Sijui kama hilo litamtosha au litamdhalilisha.

Basi naomba unishauri, Shangazi, na hasa jambo la kwanza. Je, nimpe kaka daftari bila ridhaa ya mama? Moyo wangu unaniambia ni haki yake. Kila mstari wa kushoto ni jasho lake. Ila mama ananiamini, ana shinikizo la damu, na hilo ndilo jambo pekee aliloniomba tangu baba afariki. Nimefikiria kuwakalisha wote wawili na mtu wa kati asiye wa ukoo wetu, tufungue ukurasa mmoja mmoja, kaka ayaone pia yale maneno ya wino mwekundu. Naamini kwamba akiyaona atajua aliwahi kuhesabiwa kuwa na haki, na mama hatasimama mbele yake kama mwizi. Lakini huenda ni matumaini yangu tu. Inawezekana akaona zaidi pale wino mwekundu ulipokoma.

La pili, mama akikataa kikao hicho, nifanye nini? Na la tatu, nani anafaa kuwa huyo mtu wa kati: wakili, kiongozi wa dini, au mnasihi wa pale hospitali? Wakili namhofia, mama akimwona atadhani kesi imeshafunguliwa.

Wale watu wa filamu wanataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Kaka ameniahidi hatasaini chochote mpaka nimrudie, na mpaka leo hajavunja ahadi hiyo. Daftari liko kabatini kwangu, mama anakuja kunitembelea wiki ijayo, na ningependa niwe na jibu lako kabla hajafika.

Ni mimi, mdogo wake wa kike.